Lori Lililotoka kwa Fundi na Kukataa Kuwaka

Wengi wenu mmeiona siku hiyo. Injini ya lori imefunguliwa yote. Pistoni na ringi mpya zimetiwa, beringi zimebadilishwa, vali zimesagwa zikakaa sawa, na akiba ya nyumba nzima imekwisha. Sasa watu wanakusanyika kuisikia ikinguruma. Ufunguo unazungushwa, starta inalia, injini inazunguka, lakini haiwaki. Hapo ndipo maneno huanza. Mwenye lori amtazama fundi kwa jicho baya, fundi alaumu vipuri, dereva adai kamba ili lori livutwe.

Katika Kalemie jambo hili si dogo. Reli iliyofika hapa mwaka 1915 kutoka Kabalo ina njia yake, na ziwa lina njia yake; lakini mahindi ya vijiji vya ndani na mizigo ya barabara ya Bendera yangoja lori. Lori moja hulisha nyumba nyingi: ya mwenyewe, ya dereva, ya utingo, na za wauzaji sokoni. Kwa hiyo twataka leo kuonyesha jinsi ya kuitafuta sababu kwa utaratibu, bila kuharibu kazi iliyokwisha kulipiwa.

Kwanza tuelewe asili ya injini yenyewe. Malori mengi hutumia injini iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye mwaka 1897 alionyesha injini yake ikifanya kazi vizuri. Injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka joto lake lapita digrii 500. Ndipo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo hushika moto yenyewe. Basi yataka mambo manne tu: izungushwe kwa mwendo wa kutosha, hewa ibanwe barabara, mafuta yafike, tena yafike kwa wakati wake. Injini isiyowaka imekosa moja katika hayo manne.

Tena kuna kanuni moja itakayowapunguzia taabu. Kama injini ilikuwa ikiwaka kabla ya kufunguliwa, sababu ya kukataa sasa ni karibu sikuzote katika mahali palipoguswa na mikono. Fundi asianze kushuku vitu vya mbali. Na aulize: nilifungua nini, na nilirudishaje?

Aanze na starta. Ikiwa inazungusha kwa uvivu, atazame betri, halafu waya mnene unaounganisha injini na chasisi. Waya huo huondolewa injini inaposhushwa. Mara nyingi husahauliwa, au hufungwa juu ya rangi mpya isiyopitisha umeme. Asugue mahali hapo mpaka chuma king'ae. Starta isizungushwe zaidi ya sekunde 15 au 20 kwa mara moja. Ipumzike dakika 2, isije ikaungua.

Lakini injini ikisimama ghafula kana kwamba imegonga ukuta, asilazimishe! Huenda maji au dizeli imejaa ndani ya silinda, na kitu cha majimaji hakibaniki. Atakayelazimisha atapinda fimbo ya pistoni. Nozeli zitolewe, injini izungushwe polepole kwa mkono, na kinachotoka kitazamwe ni nini na kimetoka silinda ipi.

Starta ikizungusha vizuri, sasa tazameni bomba la moshi. Hapo injini yenyewe yatoa ushahidi. Isipotoa moshi wowote, basi dizeli haifiki ndani. Yafaa kukagua kwanza kebo au kifaa cha umeme cha kuzimia injini, kwa maana kikibaki mahali pa kuzima, pampu haitapeleka kitu. Halafu itolewe hewa. Filta na mabomba vilipofunguliwa, hewa iliingia, na pampu haiwezi kusukuma mafuta yaliyochanganyika na mapovu. Fungueni skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, pampeni kwa mkono mpaka dizeli itoke safi bila povu, kisha fungeni. Fanyeni vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Katika injini za zamani zenye pampu ya kawaida, nati za mabomba kwenye nozeli hulegezwa kidogo na starta huzungushwa mpaka dizeli ichuruzike, kisha hukazwa. Mkono usikaribie mchirizi, kwani mafuta yenye nguvu hiyo hupenya ngozi. Katika injini mpya zinazotawaliwa na umeme nati hizo haziguswi kabisa. Tena dizeli ya pipa lililokaa mvuani huweza kuwa na maji chini; ichujwe, na isichotwe mpaka mwisho.

Ikiwa moshi mweupe watoka kwa wingi wala injini haishiki, mafuta yafika lakini hayaungui. Mahali penye baridi kali tungesema silinda zimepoa. Lakini Kalemie si mji wa barafu. Hapa tushuku wakati wa pampu, au mbano wa hewa.

Wakati wa pampu huwadanganya hata mafundi hodari. Krenki huzunguka mara mbili, na kamshafti mara moja tu. Kwa hiyo pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili: mara moja ikiibana hewa, mara nyingine ikimaliza kutoa moshi. Fundi akifunga pampu kwa kufuata ile safari ya pili, dizeli itanyunyizwa vali zikiwa wazi. Kila kipuri ni kizima, kila nati imekazwa, na lori haliwaki. Kulipima hili si kugumu. Kifuniko cha vali kiondolewe, pistoni ya kwanza iletwe juu. Vali zote mbili za silinda hiyo zikiwa zimefungwa na kulegea kidogo, ndiyo safari ya kubana. Hapo alama ya pampu iwe mahali pake. Vali zikiwa zinabadilishana, moja ikifunga na nyingine ikifungua, zungusheni krenki mara moja kamili na kupima tena.

Mbano nao huweza kupotea kwa sababu ndogo. Vali zilizokazwa mno hazifungi sawasawa, na hewa yapita. Ziachiwe nafasi ile iliyoandikwa na wenye kiwanda, kwa kipimo, wala si kwa kukisia.

Sasa tuseme juu ya ile kamba. Wengi hudhani lori likivutwa litakubali tu. Yawezekana likawaka, lakini kama wakati wa vali umekosewa, magurudumu yataizungusha injini kwa nguvu kuliko starta, na pistoni itagonga vali. Tena injini iliyofungwa upya ni kavu. Kabla ya kuwashwa yafaa izungushwe kwa starta huku dizeli imezuiwa, mpaka kipimo cha oili kipande. Anayevuta kwanza na kuchunguza baadaye huenda akalipa beringi mara ya pili. Etha nayo, ile dawa ya kupulizia kwenye njia ya hewa, isitumiwe hovyo. Penye plagi za joto yaweza kulipuka.

Ziwa letu lina mfano mzuri wa uangalifu. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha karibu na Kigoma meli yao Graf von Götzen, isije ikatwaliwa na adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, nao mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikiwa na mitambo ile ile. Dakika za uangalifu za mafundi wale ziliokoa mitambo ambayo ingeliwa na kutu.

Basi, mwenye lori, usimtukane fundi mbele ya watu. Fundi aliyeaibishwa hukimbilia kamba ili ajitetee. Mpe nusu siku ya utulivu, nawe kaa karibu uone kila hatua. Na wewe fundi, usione haya kufungua tena ulichokifunga. Mweke kijana anayejifunza kwako ashike daftari tangu siku ya kwanza: nati ipi imetoka wapi, waya upi ulifungwa wapi, alama ya pampu ilikuwa upande gani. Daftari la bei ndogo litamaliza magomvi mengi, na mahindi yatafika sokoni.