Mbegu ya Karanga Haiji Dukani Yenyewe

Msimu huu mama mmoja alinisimamisha kwenye mkutano wa kijiji, tena kwa hasira: "Bwana shamba, wewe ndiye uliyetuonyesha Pendo kwenye shamba darasa. Mbona dukani haipo?" Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote, kwamba watafiti wanaendelea kulishughulikia. Nilipofika nyumbani nikaona aibu, maana nilijua si kweli. Watafiti walishamaliza kazi yao zamani.

Pendo ilitolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, mwaka 1998. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana shamba lake. Kwa hiyo tusiwalaumu watafiti kwa kukosa ugunduzi. Tuulize nani anaichukua mbegu kutoka kituoni na kuizidisha hadi imfikie huyo mama.

Njia yenyewe iko hivi. Mtafiti huzalisha mbegu mama, kiasi kidogo sana. Hiyo huzaa mbegu za awali, kisha mbegu za msingi, ndipo zinapatikana zilizothibitishwa, zile zenye lebo ya TOSCI. TARI haikuundwa ili kupeleka mifuko ya mbegu kwenye maduka ya pembejeo. Kazi ya kuzidisha mbegu hufanywa na Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA) ulioanza mwaka 2006, pamoja na kampuni binafsi zinazopewa leseni ya kuzalisha aina za serikali.

Kwa mahindi chotara mpango huu unakwenda vizuri. Ekari moja inataka kilo 8 hadi 10 za mbegu, na kila msimu mkulima anarudi dukani, kwa sababu chotara ukiirudia inapungua mavuno. Kampuni ina uhakika wa mteja.

Sasa shika karanga. Ekari moja inakula zaidi ya kilo 30 zilizobanguliwa. Kilo moja ya mahindi shambani inaweza kukurudishia kilo mia na zaidi. Karanga ikikurudishia kilo kumi umejitahidi. Mzigo ni mzito kusafirisha, na ukikaa ghalani muda mrefu uotaji unashuka. Halafu karanga hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mkulima akishanunua mara moja anaweza kurudia mbegu yake misimu kadhaa bila kuharibika sana. Ungekuwa wewe mwenye kampuni, ungeweka mtaji wako hapo? Mimi nisingeweka. Maharage nayo yana hadithi hiyo hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema tusubiri sekta binafsi ije. Kwa karanga, sekta binafsi ni ninyi: kikundi cha wakulima kumi na mwenye duka la mazao pale senta. Na sheria imewapa mlango. Kuna daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambalo mkulima mdogo aliyesajiliwa TOSCI anaruhusiwa kuzalisha kutokana na mbegu za msingi, shamba lake likakaguliwa, kisha akawauzia wenzake wa eneo lake. Hauzi nchi nzima, lakini karanga nzito hiyo nani anataka kuisafirisha nchi nzima?

Hesabu ni ndogo. Kilo 35 za mbegu za msingi zinapanda ekari moja. Ukitunza vizuri, unapata kama kilo 350, na hizo zinapanda ekari kumi msimu unaofuata.

Kinachokwamisha ni vitu viwili, na nitavisema wazi. Kwanza ni sisi maafisa ugani. Tunaleta pakiti ya kilo mbili, tunapiga picha siku ya mkulima, tunaondoka. Hatumwambii mtu kwamba kituo cha utafiti hakizalishi mbegu za msingi nyingi bila kujua nani atazichukua. Oda inatakiwa iwafikie mapema, si wiki ya mvua za kwanza.

Pili ni baadhi ya wafanyabiashara. Mnanunua karanga za kila namna mnadani, mnachambua zilizo kubwa, mnaandika "Pendo" kwenye kiroba. Mkulima akiotesha anapata mchanganyiko: nyingine zimekomaa, nyingine bado mbichi. Wakati wa kuvuna mnakuja nyie nyie kulalamika kwamba mzigo haulingani. Mfanyabiashara akitoa nusu ya bei ya mbegu mapema kwa kikundi, kwa makubaliano ya maandishi, atapata karanga za aina moja, na wenye viwanda vya kukaanga na kusaga wanazitaka hizo.

Mtaji pia upo karibu. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haibagui uzalishaji wa mbegu, ila sijaona kikundi hata kimoja katika kata yangu kikiombea kazi hiyo. Wanaombea bodaboda na kuku.

Yule mama nimemrudia, nikamwomba radhi. Ana wenzake sita tayari. Wakifika kumi tutaandika barua ya oda kituoni na kuanza usajili TOSCI. Vikundi vingine njooni ofisini siku za Jumanne mkiwa na majina, ukubwa wa shamba, na jina la mwenye duka aliyekubali kushirikiana nanyi. Asiye na mwenye duka aje hivyo hivyo, tutamtafuta pamoja.