Ngoma Bila Hekaya

Wageni waingiao Bujumbura hupelekwa kwanza Mugere, kusini mwa mji, walitazame jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871 (wapo wanaoambiwa kuwa ndipo walipokutana, hali walikutana Ujiji), kisha hupandishwa milimani hadi Gishora, karibu na Gitega, ambako wapigaji huingia na ngoma vichwani, wakazitua, wakaruka na kuzivumisha, picha zikapigwa, na msafara ukaondoka. Kwa rai yangu, hiyo ni dhuluma kwa Burundi, nchi yenye hekaya.

Huko Aislandi watu husafiri kwa makundi pamoja na mwalimu, wakasomewa visa vilivyoandikwa tangu karne ya 13 wakiwa wamesimama kwenye mabonde yale yale yanayotajwa humo. Lakini visa vyetu vimo vifuani mwa wazee: kwamba mfalme Mwezi Gisabo, ambaye mwaka 1903 Wajerumani walimlazimisha kukubali mkataba wa huko Kiganda, ndiye aliyeijenga Gishora baada ya kumshinda Ntibirangwa aliyemwasi, na kwamba ngoma mbili za pale, Ruciteme na Murimirwa, zilikuwa na heshima zake makhsusi.

UNESCO iliiorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014, nayo ikaitambua kuwa ibada iliyochanganya ngoma, mashairi ya kishujaa na nyimbo. Basi waongozaji na watenge siku nzima, mzee asimulie kwa Kirundi na mkalimani afasiri bila haraka, naye mzee apewe ujira wake kama apewavyo dereva.