Mashauri ya Juma: Mwenye Kazi Naye Awe Mlinzi wa Moto

Juma hili napenda tuzungumze juu ya kazi iliyoenea sana katika nchi yetu, nayo ni kazi ya kulehemu chuma kwa umeme. Ni shida siku hizi kukuta soko la kando ya barabara lisilokuwa na banda la fundi wa kulehemu. Yeye ndiye atengenezaye malango na madirisha ya nyumba zetu, aungaye jembe la trekta lililovunjika, na atiaye kiraka katika mkokoteni wa kubebea majani ya ng'ombe. Mkulima hawezi kukaa bila yeye, wala karani ajengaye nyumba yake nyumbani kwao hawezi.

Mashauri juu ya hatari za kazi hii kwa kawaida huandikwa kwa fundi peke yake. Mimi leo nasema na mwenye kazi, yaani wewe uletaye chuma chako kiungwe, au umwitaye fundi aje kwako. Nafanya hivyo kwa sababu yako mambo manne ambayo wewe wayajua au wayashika kuliko fundi. Umeme atakaoutumia ni wa nyumba yako. Pipa atakalolilehemu, wewe wajua lilibeba nini. Vitu vilivyo nyuma ya ukuta na chini ya paa, wewe ndiwe uliyeviweka. Tena, fundi akiisha kulipwa na kwenda zake, atakayebaki mahali pale ni wewe. Basi na tuyatazame mambo haya moja moja.

La kwanza ni umeme, ambao wengi wetu huuita stima. Umeme uingiao katika nyumba zetu hapa Kenya una nguvu ya volti 240. Mashine ya kulehemu huupunguza mpaka volti 50 au 80 hivi, lakini huuongeza wingi wake, hata kijiti cha unene wa milimita 3.2 hutumia kama ampea 100. Hapo baina ya ncha ya kijiti na chuma hutokea moto mkali upitao nyuzi 3,000 za Selsiasi, na chuma, ambacho huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, hugeuka kama uji.

Watu wengine husikia habari ya volti 80 wakadhani kwamba hazina madhara. Hayo si kweli. Kiasi kidogo sana cha umeme, yaani ampea moja ikigawanywa mafungu elfu, na mafungu 30 yake yakapita kifuani mwa mtu, chaweza kuuvuruga moyo wake. Mtu mwenye ngozi kavu na viatu vizima huenda asidhurike, lakini mtu aliyelowa jasho au mvua, aliyelala juu ya chuma, au aliyeingia ndani ya tangi, huyo umeme humpita kwa urahisi. Kwa hiyo ukiona mvua yaanza kunyesha, au fundi amesimama katika matope bila viatu, usimwambie amalize upesi. Mwambie aache. Haraka haraka haina baraka, na lango lako laweza kungoja mpaka kesho.

Tazama pia mashine yenyewe kabla haijaunganishwa. Je, ina sanduku la kuifunika, au nyaya zake ziko wazi? Je, kuna waya wa ardhi uliofungwa katika chuma cha sanduku hilo? Je, ina plagi, au fundi ataka kuingiza nyaya tupu katika tundu la ukutani na kuzibana kwa vijiti vya kiberiti? Mashine ikikosa waya wa ardhi, na waya mmoja ndani yake ukachubuka ukagusa sanduku, basi sanduku zima lachukua zile volti 240, nalo lamngoja mtu wa kwanza kuligusa, ambaye pengine ni mtoto wako. Yafaa pia nyumba iwe na ile swichi ikatayo umeme yenyewe mara unapopotea njia. Swichi ya miliampea 30, kama mafundi wa umeme waitajavyo, imewekwa kwa ajili ya kuokoa maisha. Lakini fahamu kwamba swichi hiyo hulinda upande wa umeme wa nyumba. Nyaya za kulehemea zitokazo upande wa pili wa mashine haizilindi. Tena fyuzi ikiungua, usikubali itiwe msumari au waya mnene mahali pake, kwa maana nyaya za ukutani zitapata joto na kuwaka mahali usipopaona.

Jambo lingine la umeme ni njia yake ya kurudi. Umeme ukitoka katika mashine hupita katika waya wa kijiti, huingia katika chuma kinacholehemiwa, kisha hurudi kwa waya wa pili wenye kibanio. Kibanio hicho yapasa kibane chuma kile kile, karibu na mahali pa kazi, tena mahali palipokwanguliwa rangi na kutu. Kikibanwa mbali, umeme hujitafutia njia yake. Mtu akilehemu tela lililofungwa kwenye trekta, na kibanio kikawa kwenye trekta, umeme hupita katika beringi na minyororo na kuviharibu. Yafaa kuondoa nyaya za betri kwanza. Na kibanio kikibanwa kwenye bomba la maji au nondo za nyumba, umeme utapita katika kila kiungo kilicholegea, na kiungo kilicholegea hupata joto. Hivyo moto waweza kuanza upande mwingine wa nyumba, wala hapana mtu atakayejua ulitoka wapi.

La pili ni pipa. Mkulima ana pipa tupu la petroli au dizeli, naye ataka likatwe liwe hori la ng'ombe, au lizibwe tundu liwekewe maji. Amelitazama ndani, halina kitu, basi adhani ni salama. Kumbe pipa tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Petroli yenyewe ikiwa majimaji haiwaki. Kiwakacho ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na ndani ya pipa tupu mna hewa tele. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa kwetu haikosi kutoa mvuke mchana wala usiku. Dizeli haina haraka hiyo, lakini joto la kulehemu huugeuza utando uliobaki ukutani mwa pipa kuwa mvuke, na pipa hupasuka kama bomu. Kusuuza kwa maji baridi hakutoshi, maana mafuta hayachanganyiki na maji. Yatabaki katika mikunjo ya kingo za pipa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza kulehemu chombo kilichokuwa na kitu chenye kuwaka mpaka hatua zote ziwezekanazo zimechukuliwa za kukiondoa kitu hicho na mvuke wake, au kuufanya usiweze kuwaka. Kazi hiyo ni ya wenye ujuzi na vyombo maalumu. Shauri langu kwa mkulima ni fupi: pipa lililobeba mafuta, pombe kali, rangi, au dawa usiyoijua, usilipeleke kwa fundi kabisa. Na fundi akikuuliza lilikuwa na nini, mwambie kweli. Kijana anayefunzwa kazi, aliyeinamia pipa lako, hana habari ila ile uliyompa wewe.

La tatu ni vitu vilivyo karibu. Cheche za kulehemu ni matone ya chuma kilichoyeyuka. Zaweza kuruka mita 10 na zaidi, zikadunda, zikaingia katika ufa wa sakafu au chini ya mlango. Ondoa majani makavu, magunia, unga wa mbao, mitungi ya gesi, madumu ya mafuta na magodoro. Kisichoweza kuondolewa kifunikwe kwa mabati au turubai lisiloshika moto. Usilehemu karibu na ghala la nafaka au paa la makuti na nyasi. Tena kumbuka kwamba joto hupita ndani ya chuma: ukilehemu upande huu wa ukuta wa mabati, kitu kinachogusa upande wa pili chaweza kuwaka.

Mambo haya si ya kijijini tu. Katika mwezi wa Februari mwaka 1942, meli kubwa ya Kifaransa iitwayo Normandie ilikuwa bandarini New York, ikigeuzwa kuwa meli ya kuchukulia askari. Cheche za mtu aliyekuwa akikata chuma kwa moto ziliangukia lundo la maboya ya kuvaa, ambayo ndani yake mlijazwa sufi, ile ile ambayo watu wa pwani hujazia mito. Moto ulienea, maji ya kuuzimia yakajaa ndani ya meli, nayo ikapinduka siku ya pili. Na tarehe 11 Aprili 1996, katika kiwanja cha ndege cha Düsseldorf huko Ujerumani, watu walikuwa wakilehemu katika barabara iliyo juu ya jengo la abiria. Vipande vya moto vilipenya chini vikaingia darini, palipokuwa na povu gumu la plastiki la kuzuia joto. Watu 17 walikufa. Angalieni, wasomaji, kwamba moto huo haukuanza mbele ya macho ya wafanya kazi. Ulianza chini yao, mahali walipokuwa hawatazami.

Basi tumefika katika jambo la nne, ambalo ndilo kubwa la leo. Cheche iliyoanguka katika pamba au unga wa mbao yaweza kulala bila mwali wala moshi mwingi, ikila polepole, kisha ikaamka baada ya saa nzima au zaidi. Fundi akiwa kazini hawezi kuiona, kwa sababu kile kioo cheusi mbele ya macho yake humficha kila kitu ila ncha ya kijiti. Kwa hiyo yahitajika mtu wa pili asiyekuwa na kazi nyingine ila kutazama. Mtu huyo ni wewe, au mtu mzima uliyemweka. Awe na ndoo ya maji na ndoo ya mchanga, na kizima-moto kama kipo. Kazi ikiisha, asiondoke mpaka dakika 60 zipite. Apekue kwa mkono kavu penye joto lisilo la kawaida, atazame nyuma ya ukuta na chini ya vitu, kisha arudi tena kabla ya kulala. Ndiyo sababu nasema kazi ya namna hii ianzishwe asubuhi, si saa kumi na moja jioni, wakati kila mtu ataka kufunga mlango na kwenda nyumbani.

Na ajali ikitokea licha ya hayo yote? Mtu akishikwa na umeme, usimshike. Zima swichi kwanza. Ikiwa swichi iko mbali, msukume kwa ubao mkavu, nawe usimame juu ya kitu kikavu. Akiwa hapumui, aanzwe kusaidiwa papo hapo na ajuaye, huku mwingine akienda kuita msaada. Moto uliowaka katika mashine au nyaya usimwagiwe maji kabla umeme haujakatwa. Tumia mchanga mkavu.

Yapo maneno ya kusema kwamba haya yote ni gharama na kupoteza wakati. Pima mwenyewe: saa moja ya kukaa juu ya kigoda na ndoo mbili kando yako, kwa upande mmoja, kwa upande wa pili ghala la mahindi ya mwaka mzima, na kijana wa watu aliyekuja kukufanyia kazi. Mzee wa nyumba alindaye mazao yake dhidi ya ngedere hataona aibu kuyalinda dhidi ya cheche.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya taa na majiko ya mafuta ndani ya nyumba. Kwaherini.