Isiolo ng'ombe ana bima, mtu wa mshahara hana

Ukitaja ukosefu wa kazi Kenya, watu hufikiria kijana wa miaka 22 na bahasha ya kaki mkononi. Sawa, hilo ni letu na linauma. Lakini hapa Isiolo tangu 2025 kuna kundi jingine linalozunguka na bahasha zile zile: watu wa miaka 38, 42, 47, wana watoto sekondari, wana uzoefu wa miaka 15, na habari zao huzisikii redioni.

Mambo yalianzia mbali. Januari 20, 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi 10, Waziri Marco Rubio akatangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Kufikia Julai 1 shirika lenyewe likawa limefungwa.

Kule Washington hiyo ilikuwa siasa. Hapa ilikuwa kodi ya nyumba. Isiolo, kama Marsabit na Lodwar, imekula kwa miaka mingi kutoka kwa miradi. Chukua Nawiri, mradi wa kupambana na utapiamlo Isiolo, Marsabit, Turkana na Samburu, uliolipwa na USAID. Mradi kama huo haulishi ofisa wa lishe peke yake. Kuna dereva, mhasibu, mlinzi, mkusanya takwimu, mama wa hoteli anayepika chakula cha semina, na mwenye ploti ya kukodisha Bulapesa. Mfereji ukifungwa juu, wote huku chini wanakauka.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akipunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliofanya kazi. Poa. Shida ni kwamba kazi nyingi za miradi ni za mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mkataba ukifika mwisho usiongezwe, kisheria hujafutwa, umemaliza tu. Mtu anaweza kuongezewa mkataba mara kumi, na mara ya kumi na moja aende nyumbani bila hata hizo siku 15.

Sasa huyu mtu wa miaka 42 aende wapi? Hazina ya Vijana mwisho ni miaka 35. NYOTA inachukua hadi 29, isipokuwa walio na ulemavu ndio huongezewa hadi 35. Inua Jamii kwa wazee huanza ukifika 70, na hapo unapata Sh2,000 kwa mwezi. Mama ana Hazina ya Wanawake, angalau. Mwanamume wa miaka 42 amebaki na Hustler Fund, ambayo kwa mtu binafsi huanzia Sh500 na kikomo chake ni Sh50,000. Serikali inamwona mzee mno kusaidiwa kama kijana, na kijana mno kusaidiwa kama mzee.

Cha ajabu ni kwamba Isiolo inajua sana habari ya kubadilisha kazi ukiwa mtu mzima. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo huku kaskazini. Mfugaji aliyefiwa na mifugo alipoteza kazi, akiba na pensheni kwa mpigo. Wengi walihamia mjini kuanza upya wakiwa na miaka 45, bila cheti chochote.

Na njia ya kuanza upya ilikuwepo hata kabla ya ukame huo. Kina mama wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia, huyapoza, kisha huyapakia kwenye basi hadi Eastleigh. Biashara yao imesimama juu ya vitu walivyovijua tangu zamani: ngamia, watu wa vijijini na barabara.

Aliyetoka kwa shirika naye ana vyake. Dereva anajua njia ya Merti masika na kiangazi. Mkusanya takwimu anaongea Kiborana na Kisomali na watu humfungulia mlango. Mhasibu anaweza kushika vitabu vya sacco tatu. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni pumzi ya miezi sita ya kwanza. Bila hiyo pumzi mtu anauza ploti kwa bei ya kutupa, anamtoa mtoto shule, au anamwaga pesa zote kwa duka ambalo mtaa tayari uko nayo kumi.

Wafugaji wamewahi kutengenezewa pumzi hiyo. Mwaka wa 2010 bima ya mifugo ya kutumia satelaiti ilianza Marsabit, na tangu 2015 serikali ikawa na mpango wake uliofika Isiolo pia. Satelaiti huangalia malisho. Yakikauka kupita kiwango fulani, mfugaji hulipwa anunue lishe na maji kabla ng'ombe hajafa. Wafugaji wana malalamiko yao kuhusu hiyo bima, lakini wazo ni safi: saidia mtu mapema, kabla hajabaki na ngozi.

Sasa toa payslip uangalie. Kuna kodi, NSSF, SHIF asilimia 2.75, nyumba asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza nyingine 1.5. Hakuna hata ndururu ya siku kazi itakapoisha. Afrika Kusini mfanyakazi hutoa asilimia 1 na mwajiri asilimia 1 kwa hazina ya waliopoteza kazi. Jirani yetu Tanzania, tangu mageuzi ya 2018, ana fao la kukosa ajira.

Najua utasema: makato mengine tena? Wataiba hizo pia! Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana mimi siombi kato jipya. Kimegwe kipande cha yale ya nyumba. Na hazina zilizopo zifunguliwe kwa aliyepoteza kazi, awe na miaka 25 au 45. Hilo halihitaji senti ya ziada, linahitaji kubadilisha fomu.

Kwa nini sisi tujali? Kwa sababu huyo mzee akikosa pa kwenda, anakuja steji yetu na pikipiki ya mkopo, na fizi ya binti yake inakuwa meseji kwa simu yako. Na kwa sababu kazi zetu sisi ni za mkataba wa miezi mitatu. Mwenye miaka 25 leo atafika 42 kabla hajamaliza kulipa madeni.

Juni 2024 tulijifunza kusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Ule mwingine ukija, tusome pia kile ambacho hakimo.