Mashine za chipu: volti kwanza, bei baadaye

Wapenzi wa elektroniki, na wafanyabiashara wanaowaagizia mashine za kuandikia chipu za kumbukumbu, hutazama bei kwanza. Hapo ndipo hasara huanzia. Cha kutazama ni volti. Chipu kongwe ya 2716 ya Intel huandikwa kwa volti 25. 27C256 hutaka 12.5 hadi 13. Mashine ya TL866II Plus huishia volti 18: 2716 itaisoma, kuiandika haiwezi. Zile za CH341A ni nafuu zaidi, lakini ni za chipu za familia ya 24 na 25, na baadhi hupeleka volti 5 kwenye chipu ya 3.3. Chipu ikiungua, muuzaji hudaiwa. Mnunuzi aorodheshe chipu zake, alinganishe volti, ndipo alipe.