Tusiivuruge pua ya nyuki

Sisi wafanyabiashara tunaovuka mpaka wa Kabanga na Kobero tunajua kuhesabu magunia ya alizeti na madumu ya asali. Ni wachache tunaomhesabu mfanyakazi wa kwanza wa biashara hiyo, yaani nyuki. Ndugu zetu waliorejea Burundi na kufufua mashamba nao wanamhitaji kuliko wanavyodhani.

Nyuki hatangitangi ovyo. Hunusa kwa vipapasio viwili vilivyo kichwani, na mwaka 2006 wanasayansi waliosoma vinasaba vyake walimkuta na vipokezi vya harufu vipatavyo 170. Akitoka mauani huwapa wenzake majimaji matamu mdomo kwa mdomo, nao huijua harufu ya ua hilo humo humo mzingani, kisha huenda kuitafuta shambani.

Elimu hii ina faida mfukoni. Utafiti wa Argentina uliotangazwa mwaka 2020 ulieleza jinsi nyuki walivyolishwa maji ya sukari yenye harufu iliyoigwa kutoka kwa alizeti. Wakaimiminikia alizeti, na mavuno yakaongezeka kwa asilimia 29 hadi 57, kulingana na aina ya mbegu.

Basi kwa nini tunampoteza njia? Mwaka 2013 watafiti wa Southampton, Uingereza, walionyesha kuwa moshi wa dizeli huharibu baadhi ya kemikali za harufu ya maua ya rapa. Harufu ilipokosa kemikali hizo, nyuki wengi waliokwisha kuizoea walishindwa kuitambua. Sasa fikiria foleni ya malori kando ya mashamba, injini zikinguruma saa nzima.

Maoni yangu ni haya. Madereva wazime injini wanaposubiri. Mkulima asipulizie dawa ya wadudu zao likiwa katika maua. Ikibidi, iwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Na wenzangu wanaouza dawa hizo wamweleze mnunuzi jambo hili, wasipokee fedha tu na kunyamaza. Mwenye mizinga naye akaribishwe jirani na shamba, asifukuzwe.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Mimi naongeza kwamba nyuki naye hufuata harufu. Tukimvurugia hiyo, si asali tu itakayopungua, bali hata magunia ya alizeti tunayoyagombania mpakani.