Kabla Tingatinga Halijafika, Pima Mota

Wasee, wiki jana nilipandisha picha ya ukuta wa udongo nikauliza: unaona nini hapa? Wengi mliandika "umaskini". Mmoja akasema anaona nyoka. Huyo wa nyoka alinichekesha, lakini hiyo ya umaskini imenikaa rohoni mpaka leo.

Huo ukuta ni wa jiko la gogo, nyanya yangu, upande wa Moiben. Matofali yake hayakuchomwa, yalianikwa tu juani. Kwetu husemwa babu ndiye alijenga, kabla mama azaliwe. Desemba jiko linabomolewa, nyumba ya mawe inaingia. Na sina shida na nyumba ya mawe! Gogo amechoka kukandika ukuta kila mwaka, na si mimi hubeba samadi. Shida yangu ni kubomoa bila kuandika kitu. Nyumba kubwa iliangushwa hivyo hivyo mwaka juzi. Tingatinga lilikuja asubuhi, saa nne hakuna nyumba. Leo tukibishana chumba cha babu kilikuwa upande gani, kila mtu ana jibu lake.

Mimi nasema ukuta wa udongo unasomeka, na mahali unasomeka zaidi ni pale hakuna mtu huangalia: mota. Ule udongo wa kushikanisha tofali na tofali.

Cheki Çatalhöyük, kule Uturuki. Ni makazi ya matofali mabichi yenye umri wa karibu miaka 9,000. James Mellaart alianza kuchimba hapo 1961, Ian Hodder akaendelea kuanzia 1993. Sasa fikiria kazi yenyewe. Tofali ni udongo. Mota ni udongo. Kifusi kilichoangukia ukuta pia ni udongo. Ukiingia na jembe utauchimba ukuta wote na hutajua umeuchimba. Kwa hivyo mchimbaji anashika mwiko mdogo, anakwangua uso wa ukuta pole pole mpaka uwe safi, halafu ananyunyizia maji kidogo. Unyevu ndio huamsha rangi. Tofali linatoka kahawia, mota inatoka kijivu, na mistari ambayo haikuwepo dakika moja iliyopita inajitokeza. Mahali macho yanashindwa, mkono unasaidia: huku mwiko unagonga pagumu, huku udongo unamomonyoka.

Halafu ndio kuandika. Mota ina unene gani? Rangi gani? (Kuna kitabu cha vibao vya rangi, Munsell, ili kahawia yangu isigombane na kahawia yako.) Ndani kuna nini: makapi, mkaa, vipande vya mifupa? Unachora ukuta tofali kwa tofali, unapiga picha na kipimo kikiwa ndani ya picha, unakata kipande cha mota na kukitia kwa mfuko wenye namba. Tofali kivyake, mota kivyake. Inachosha, ndiyo. Lakini ndivyo walivyoona kwamba mota ya hapo mara nyingi ilichanganywa na majivu na takataka za jaani, huku matofali yakiwa ya udongo mwingine. Yaani unaona kabisa siku ya mjengo: huyu analeta matofali, yule anachota kilicho karibu anachanganya.

Najua kuna mtu atasema hiyo ni Uturuki, inatuhusu nini. Haya, twende Shanga, kisiwa cha Pate, Lamu. Kwa miaka mingi wasomi wa kikoloni walitazama misikiti na nyumba za mawe huko pwani wakasema ni kazi ya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Miaka ya 1980 Mark Horton akachimba. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine midogo iliyojengwa kwa miti, mmoja juu ya mwingine, mpaka karne ya 8. Hakukuwa na nguzo hata moja iliyosimama. Kulikuwa na alama tu ardhini pale miti ilipokuwa imechimbiwa. Mji ulianza na miti na udongo, ukafika kwenye mawe baadaye, kwa mikono ya watu wa hapo hapo. Angefuata mawe peke yake, hiyo stori ingebaki chini.

Ukienda Gedi leo unaonyeshwa kasri na msikiti mkuu. Wakazi wengi wa mji ule waliishi nyumba za udongo, na hizo hakuna wa kukuonyesha. Kwa hivyo ukiandika "umaskini" chini ya picha yangu, unarudia makosa ya wale wasomi, tofauti ni kwamba wewe una bando.

Sisemi ushike jembe ukachimbe Shanga. Sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi inataka leseni, na usinitaje ukishikwa. Lakini jiko la gogo ni letu. Jumamosi nilienda na tepu ya fundi, chupa ya kunyunyizia na simu. Nikalowesha sehemu ndogo karibu na mlango. Mota ikatoka kijivu, na ndani yake nyasi na majivu. Matofali hayana majivu hata kidogo.

Nikamuuliza gogo mbona hivyo. Alicheka kwanza, akasema hajawahi kuona mtu akiogesha ukuta. Halafu akaniambia: matofali yalifyatuliwa na wanaume kule mtoni. Mota ilikuwa udongo wa kichuguu, samadi, na majivu ya meko yake mwenyewe, na walioikanyaga ni wanawake. Akaweka kidole kwenye mstari niliolowesha. "Hii nilikanyaga mimi, nikiwa na mimba ya mamako."

Nimepima mistari kumi na minne. Imebaki upande wa nyuma.